Jumamosi ya mrututu

Februari 2017 Nairobi ilikuwa kwenye mgao wa maji. Mvua za vuli zilikuwa zimekosa, Bwawa la Ndakaini limeshuka, na mitaa mingi ilisubiri zamu yake ya bomba. Nilipoitwa kukagua kibwawa cha mashua kwenye uwanja mmoja wa burudani upande wa Lang'ata, kitu cha kwanza kilichonishtua kilikuwa jikoni: sufuria ya lita 50 motoni na ndoo mbili kando yake, zote za maji ya kibwawani. Chai ya wafanyakazi.

"Ninayachemsha hadi yatokote sana," mama wa jikoni alinihakikishia.

Mzee wa mashua alinipeleka ukingoni, amejaa furaha. Wiki nzima maji yalikuwa kijani kizito kama sukuma wiki iliyosagwa. Asubuhi hiyo uliona mchanga chini.

"Umeyatia nini, Mzee?"

"Mrututu, kijana. Kilo kumi, juzi usiku. Kwenye kahawa tulinyunyizia huo huo."

Kibwawa kilikuwa na mita 60 kwa 40, kina cha wastani mita moja na nusu: mita za ujazo 3,600. Mrututu ni salfeti ya shaba, chumvi ya buluu ya kuulia ukungu wa mimea, na kilo kumi humo ni karibu miligramu 3 kwa lita, mara tatu hivi ya kipimo kinachotumiwa kwa kawaida kuulia mwani. Lakini hata angepima sawasawa, kosa lingebaki lile lile. Ule ukijani ulikuwa bakteria wa kijani-buluu, ambao watu huwaita mwani, na wengi wao huweka sumu ndani ya chembe hai (seli) zao. Wakiwa hai, sehemu kubwa ya sumu hubaki imefungiwa humo. Mrututu hupasua chembe, rangi inatoweka, sumu inamwagika majini. Kibwawa kilichong'aa Jumamosi ile kilikuwa cha kuogopwa kuliko kile kichafu cha Jumatano, maana mtoto hukimbia utandu wa kijani, ila maji maangavu huyarukia.

Kuchemsha nako hakusaidii. Moto huua bakteria, lakini mikrosistini, sumu ya ini iliyo ya kawaida zaidi kwenye mabwawa ya aina hii, haivunjwi na moto wa jikoni. Ukichemsha maji yenye chembe nzima unazipasua, tena maji yanapopungua sufuriani sumu inazidi kukolea. Vidonge vya kutibu maji ya kunywa navyo si vya kutegemea hapo. Nilimwomba mama azime jiko. Aliniangalia kwa muda kabla ya kuuliza, "Na ile ya asubuhi?"

Watu sita walikuwa wameinywa. Niliwaeleza cha kuangalia: kutapika, kuhara, tumbo kuuma, na siku zinazofuata macho kuwa manjano au mkojo kuwa wa rangi ya chai. Likitokea lolote, hospitali, na daktari aambiwe habari za kibwawa. Yeye peke yake hawezi kulikisia.

Sampuli ya kwanza niliiharibu. Nilichota katikati, kutoka kwenye mashua, saa sita mchana. Bakteria hawa wana vifuko vidogo vya hewa vinavyowaelesha. Usiku mtulivu hupanda juu, na upepo huwasukuma hadi upande mmoja. Katikati mchana unaweza kupata maji karibu matupu huku kona moja imejaa. Kona hiyo ilikuwa nyuma ya matete, upande unakoelekea upepo, mahali mrututu haukufika. Nilichovya ufito mrefu nikautoa umepakwa kama rangi ya ukuta. Ungetoka na nyuzi nyuzi kama nywele, ningeshuku mwani wa kijani wa kawaida, usio na hatari hiyo.

Hapo nilivaa glavu, nikajaza chupa za kioo cheusi, maana baadhi ya plastiki hunasa sumu na kupunguza kipimo. Juu niliacha nafasi kwa sababu chupa ingegandishwa. Kugandisha na kuyeyusha mara tatu hupasua chembe zilizobaki. Ukipima bila kufanya hivyo unahesabu tu sumu iliyokwisha kumwagika. Chupa ya jamu niliijaza robo tatu, nikaiweka kwenye friji bila kuitikisa. Jumapili asubuhi ukijani wote ulikuwa umeelea juu kama malai ya maziwa, dalili ya bakteria wale wenye vifuko vya hewa.

Karatasi ya kupimia sumu ilivuka alama yake ya mwisho. Shirika la Afya Duniani lina kikomo cha mikrogramu 1 ya mikrosistini kwa lita kwa maji yanayonywewa maisha yote, na siku hizi 24 kwa maji ya kuogelea.

Mwenye uwanja alitaka kufungua angalau mashua. "Hawaogelei, wanapiga kasia tu." Lakini kasia hurusha maji, watoto hulamba vidole, na mbwa aliyeoga hulamba manyoya yake yote, ndiyo maana mara nyingi mbwa hutangulia kufa. Tulifunga. Kufungua kungengoja vipimo viwili safi, vilivyopishana kwa wiki. Perege waliokuwa wakihema juu ya maji tuliwaacha: mwani unaooza hula oksijeni, na samaki wa kibwawa kile hakuwa wa kuliwa. Tatizo lenyewe lilikuwa mlimani kidogo, samadi ya farasi iliyorundikwa mita chache kutoka mtaro unaomwaga kibwawani, ikiwalisha bakteria. Kuihamisha kulichukua miezi miwili ya kubishana.

Kati ya wale sita, askari mmoja aliharisha Jumapili akapona Jumatatu. Kama ilikuwa chai, sikuweza kuthibitisha.

Wiki iliyofuata mkokoteni ulileta mitungi ishirini ya maji. Mama wa jikoni alifungua mmoja, akanusa, akamuuliza mwenye mkokoteni ameyachota wapi, kisha akamuuliza tena kabla ya kutoa pesa.