Ilipo au ilimo? Fimbo ya uchawi ilivyonitoa jasho

Mi ndo DM wa kundi letu la Dungeons & Dragons, yaani yule anayesimulia dunia na kukata shauri wenzake wakibishana sheria, ni gemu la mezani, kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu zinaamua, tunacheza Jumamosi jioni Sinza kwa mshkaji mmoja, watu watano na sinia la karanga, vitabu ni vile vya toleo la 2014. Sasa kisa chenyewe ni cha fimbo.

Kuna kifaa cha uchawi, fimbo ya chuma, bapa, ina kitufe mwishoni. Ukibonyeza inaganda hewani, haisogei hata ukiiachia. Inabeba mpaka ratili 8,000, tani tatu na nusu na ushee hivi, uzito ukizidi hapo inajizima inaanguka, na anayetaka kuisogeza kwa misuli arushe dadu apate 30, na dadu lenyewe lina pande 20, so kama mhusika wako hana nguvu za kuongezea usijisumbue. Basi, maelezo yote ni aya moja fupi. Wachezaji wanaipenda balaa, wanaifungia kamba, wanazuilia mlango, kuna mmoja aliikalia usiku mzima kama tawi akiwakimbia mbwa mwitu.

Shida ikaja baharini. Walikuwa ndani ya meli ya nahodha mmoja adui, nahodha niliyemtengeneza wiki mbili, nampenda kweli yule mzee, na dada anayecheza mwizi akasema anajipenyeza chumba cha nahodha kule tezi, nyuma ya meli, anaishika fimbo hatua moja kutoka ukuta wa nyuma, anabonyeza. "Meli inaenda mbele, fimbo imeganda, kwa hiyo ukuta unakuja wenyewe kujigonga, si ndiyo?"

Nikamjibu hapana, fimbo inaenda na meli. Fasta hivyo. Na tuseme ukweli sikuwa natafsiri sheria yoyote pale, nilikuwa naokoa meli yangu.

Meza ikapoa. Halafu akaniuliza, "Kaka, kule kwenye mkokoteni ulisemaje?"

Nikakumbuka. Miezi miwili nyuma walimfunga mlinzi kwa mkanda wake kwenye hiyohiyo fimbo, mkokoteni ukaondoka ukamwacha ananing'inia barabarani anapiga mateke hewa, na mimi mwenyewe ndo niliyesema fimbo inabaki, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Akaendelea, "Na ulivyotutafsiria kitabu ulisema inaganda pale ilipo. Ilipo. Hukusema ilimo."

Hapo nikaishiwa, nikaomba tufunge mapema. Maana kitabu cha Kiingereza kinasema tu imeganda mahali, mahali pa nini hakisemi, na ukisoma kwa Kiingereza unapita tu wala hujikwai. Kiswahili hakikupi hiyo nafasi, lazima uchague, iko pale juu ya dunia au imo mle ndani ya meli.

Jumatatu nipo kwenye pantoni natoka Kigamboni, nimebanwa kati ya bajaji na mama mwenye ndoo ya samaki, mkononi nina mwavuli. Nikaunyoosha kidogo nikawaza, sema huu ndo fimbo, nikibonyeza hapa kama ni ilimo nafika nao Kivukoni vizuri tu, kama ni ilipo unabaki katikati ya maji na kabla ya hapo unapita kwenye kioo cha bajaji aliye nyuma yangu. Mama wa samaki akaniangalia vibaya nikaushusha. Ila kumbe hata ilipo yenyewe si safi, dunia inazunguka, huku karibu na ikweta ni kama kilomita 1,670 kwa saa, fimbo ingeganda kweli kweli ingekung'oa mkono. (Dunia yangu ya gemu sijawahi kuamua kama ni duara, hiyo tuiache.) Kwa hiyo lazima ishike kitu fulani, na kwenye mkokoteni nilishachagua ardhi, siwezi kubadilisha eti kwa sababu leo nahodha ni wangu.

Jioni nikafungua kitabu nipige hesabu, ndo nikacheka peke yangu. Meli ya tanga inaenda maili 2 kwa saa, mtu anayetembea kwa miguu anaiacha! Uhai wake 300, na pigo lisilofika 15 halihesabiwi kabisa. Yaani nilimdhulumu yule dada kwa kuogopa kitu ambacho kisingezamisha meli.

Jumamosi nikaanza na kuomba radhi, nikaandika kwenye daftari mbele yao: fimbo inashika ardhi sio chombo, na adui akiipata ni hivyohivyo. Pigo nikaweka dadu nne za pande 10, kipimo ambacho kitabu kinatoa kwa mtu aliyeangukiwa na kifusi. Akarusha. 3, 7, 2, la nne likabingirika mpaka kwenye karanga, likatulia kwenye 4. Kumi na sita! Imepita kwa moja tu, watu wakasimama kwenye viti. Ubao wa tezi ukapasuka taratiiibu, fimbo ikatokea upande wa pili, meli ikabaki na 284 na tundu la kupitisha paka.

Wakashangilia weee, halafu mmoja akauliza, sasa fimbo iko wapi?

Nje. Nyuma. Imening'inia juu ya maji na meli inazidi kwenda, na kimashua cha makasia kinaenda maili moja na nusu kwa saa, ukiifuata fimbo, meli huikuti tena. Yule dada amekataa kuifuta kwenye karatasi ya mhusika wake, kwenye orodha ya mali ameandika: fimbo 1, ipo ilipo.