Jina lililofutwa melini

Leo nimepita bandarini Kigoma na mwanangu, nikamsimulia habari za MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliiita Goetzen, jina la gavana wao. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe. 1924 Waingereza wakaiibua, baadaye ikaitwa Liemba. Jina la gavana mzima likaishia hapo! Na sisi tunakosa usingizi kwa sababu ya kiwanja na cheo.

Tukafika Kibirizi. Mama mmoja wa kanisani kwetu, viganja vinang'aa magamba, alikuwa anapima dagaa wa kuuza. Akaweka kopo moja pembeni kwa ajili ya jirani yake mgonjwa. Hakuna aliyemwambia. Yesu alifundisha kwamba hazina ya mbinguni hailiwi na nondo wala kutu, na mimi naamini kopo lile limeandikwa huko. Mwanangu namwombea kwanza moyo wa yule mama, digrii baadaye.