Miti Miembamba ya Mufindi

Mtu aliyekulia Mufindi hawezi kusikia habari za karatasi akazipita tu. Kwetu kuna Msitu wa Sao Hill, na kuna kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Ndiyo maana usiku huu bado nawaza kuhusu rojo la mbao, ule uji mzito unaopatikana vipande vya magogo vinapopikwa kwa dawa hadi nyuzi zake ziachane.

Zamani rojo lilikuwa mali ya nchi za baridi: Ufini, Uswidi, Kanada. Lakini msonobari wa Ufini huchukua miaka 60 na zaidi kukomaa, ilhali mkaratusi wa Brazili hukatwa ukiwa na miaka 7 hivi. Tofauti hiyo imevuta viwanda kusini. Kiwanda cha kampuni ya Suzano cha Ribas do Rio Pardo, Brazili, kilichowashwa 2024, kimejengwa kutoa tani milioni 2.55 za rojo kwa mwaka. Kiwanda kimoja! Mgololo ya miaka ya 1980 ilikusudiwa kutoa tani 60,000 za karatasi kwa mwaka. Huko kaskazini, kampuni ya Stora Enso ilifunga kiwanda chake cha Veitsiluoto, Ufini, mwaka 2021, na tangu 2022 Ufini haipati tena magogo ya Urusi. British Columbia, Kanada, nako wadudu wamekausha misonobari mingi mno.

Jua na mvua hata sisi tunavyo, kwa hiyo hali ya hewa pekee haielezi yote. Nchi inayonigusa ni Uruguay, iliyo ndogo kuliko zote nilizotaja kwa idadi ya watu. Mwaka 1987 walipitisha sheria ya kuhimiza upandaji miti. Kiwanda cha Fray Bentos kikaanza 2007. Miaka 20 walikuwa wakipanda! Mwaka 2023 UPM, kampuni ya Ufini hiyohiyo, ikafungua kingine Paso de los Toros, na serikali ikajenga upya reli ya kupeleka rojo bandarini Montevideo. Kwetu Afrika Mashariki, kiwanda cha karatasi cha Webuye, Kenya, kilifungwa 2009, na Mgololo ilisimama miaka kadhaa kabla ya kubinafsishwa.

Sitamani tuwe Brazili. Mikaratusi ikijaa bonde zima, vijito hupungua na mashamba ya mahindi humezwa. Ninachotamani ni mnunuzi wa miti miembamba.

Mkulima wa Mufindi au Njombe anajua kwamba shamba la paina lazima lipunguzwe ili miti inayobaki inenepe. Ile inayotolewa wapasua mbao hawaitaki, lakini kwa rojo inafaa kabisa. Asipopata soko haoni sababu ya kupunguza. Miti inasongamana, inabaki myembamba yote, na ada ya shule ikifika anaifyeka ingali michanga. Mbao zake zinapinda kabla hazijafika Dar es Salaam. Mnunuzi wa haki karibu na shamba, hata wa kiwanda kidogo, angempa mkulima huyo fedha za katikati ya safari, aiache mingine isimame hadi ikomae.