Musa aligawana mzigo

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe sana. Wiki hii naomba tukae na Hesabu sura ya 11, kuanzia mstari wa 10 mpaka wa 30, na msome yote msiruke, maana wengi tukifika hapo tunakumbuka kware na nyama tu, tunaipita ile sehemu Musa anamwambia Mungu waziwazi kwamba watu hawa siwezi kuwachukua peke yangu, ni wazito mno kwangu, na kama ndo utanitenda hivi basi bora uniue. Hayo ni maombi ya kiongozi jamani! Na Mungu hamkaripii hata kidogo, anamwambia nikusanyie wazee 70, nitatwaa sehemu ya roho iliyo juu yako niiweke juu yao, wauchukue mzigo pamoja nawe.

Angalia hapo vizuri. Inatwaliwa kutoka kwa Musa mwenyewe, yaani alitakiwa akubali wengine wawe na kile alichokuwa nacho peke yake. Na hatusomi popote kwamba Musa akapungukiwa.

Mi nikiisoma sura hii naiona dayosisi yetu ya Kianglikana ya Western Tanganyika kabisa, na vijana wetu wengi hapa Kasulu hawajui hata tulikotoka kwa hiyo nieleze kidogo. Sisi tulikuwa chini ya Dodoma. Dayosisi ya Central Tanganyika ilianza 1927, askofu wa kwanza George Chambers akatoka Australia, na eneo lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba Dodoma, Morogoro, Mwanza na huku kwetu Buha, nchi ya Waha, wote tulikuwa kondoo wa askofu mmoja. Sasa fikiria mtoto wa Kibondo anasubiri kipaimara, ambacho lazima askofu mwenyewe amwekee mikono, na askofu yuko Dodoma. Baadaye akaja Askofu Alfred Stanway, 1951, na kwa kweli huyu mzee namheshimu kwa jambo moja, kwamba alikubali dayosisi yake ikatwe akiwa bado ameikalia yeye mwenyewe. Victoria Nyanza ikatoka 1963, Morogoro 1965, na 1966 ikatoka Western Tanganyika yetu, makao makuu hapa Kasulu. Ndani ya miaka mitatu tu eneo lake likawa dogo namna hiyo na ye anaendelea na kazi. Wangapi leo wanaweza?

Na askofu wetu wa kwanza aliitwa Musa! Musa Kahurananga. Kumbukeni ndo kwanza ilikuwa miaka mitano baada ya uhuru, na Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika, Yohana Omari, aliwekwa wakfu 1955 tu, kwa hiyo kumwamini mtu wetu na dayosisi nzima halikuwa jambo dogo. Alikabidhiwa nchi kubwa, milima ya Buha, mwambao wa ziwa, mpaka Tabora na kusini Mpanda, na Tabora enzi hizo unafika kwa kushuka kwanza Kigoma ukapande treni. Halafu 1979 akawa Askofu Mkuu wa Tanzania nzima, wa pili baada ya John Sepeku, huku bado ni askofu wa Kasulu, na ile ni miaka ya baada ya vita ya Kagera, mafuta hakuna, sabuni hakuna. Nikifikiria mzigo ule naelewa kwa nini yule Musa wa kwanza alilia. Alimaliza 1983 akapokea Gerard Mpango, na chini ya Mpango 1989 Tabora ikawa dayosisi yake yenyewe. Baadaye zikaja Lake Rukwa kule Mpanda, na Kibondo. Sisi tuliozaliwa kwa kukatwa tukakatwa na sisi, kama mzinga wa nyuki ukijaa, kundi linatoka linakwenda kutafuta mti mwingine na asali inaongezeka.

Lakini kuna watu wawili kwenye sura hii nawapenda zaidi ya wote, Eldadi na Medadi. Hawa waliandikwa kwenye orodha ya wazee ila hawakwenda hemani, walibaki kambini, na Roho akawakuta hukohuko wakaanza kutabiri. Yoshua akakasirika, akasema bwana wangu Musa wakataze. Si kwamba alikuwa na nia mbaya, alikuwa anamlinda mkubwa wake, ndivyo tulivyo wengi wetu, tunamlinda askofu au mchungaji kuliko anavyotaka kulindwa. Musa akamuuliza, una wivu kwa ajili yangu? Laiti watu wote wa Bwana wangekuwa manabii.

Sasa sisi watu wa Kigoma neno kambini hatuhitaji kufafanuliwa. Wakimbizi Warundi waliingia 1972, wakaja tena wengi 1993, Wakongo 1996 ndo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Wale wa 1972 walipelekwa Ulyankulu huko Tabora, na Katumba na Mishamo upande wa Mpanda, wakalima mapori yale yakawa mashamba, na miaka mingi baadaye zaidi ya watu 160,000 katika wao wakapewa uraia wa Tanzania. Walikuja na vitabu vyao vya sala. Walikuwa na wainjilisti wao, wakakusanya watu chini ya turubai kabla hata hajafika mchungaji wa kutumwa na ofisi, wakafundisha watoto, wakazika wafu wao kwa sala. Roho aliwakuta kambini! Ukienda leo ukaangalia ramani ya Tabora na Lake Rukwa utaona Ulyankulu, Katumba na Mishamo ziko ndani ya dayosisi hizo mpya, na mi naamini kabisa kwamba Mungu alitumia watu waliokimbia mikono mitupu kutengeneza kanisa ambalo mipango yetu isingeweza. Tukiandika historia tunaandika maaskofu, na ni sawa, lakini mwinjilisti wa mtaa wa mbali anayehubiri kila Jumapili na kulima ili ale, posho yake ikija ni neema isipokuja bado Jumapili yupo, huyo naye ni mmoja wa wale 70.

Ndo maana inaniuma nikisikia mtaa fulani umekua unaomba kuwa parishi, na waumini wa kanisa mama wanasema hapana, sadaka itapungua, kwaya itagawanyika, tutabaki na nani. Wapendwa! Stanway angesema hivyo 1966 tungekuwa bado tunasubiri kipaimara kutoka Dodoma. Na isiwe pia tunakata kwa hasira, kwa sababu ya ukoo huu na ukoo ule au kwa sababu fulani kakosa cheo, maana huko ni kupasua. Mzigo wa watu wazito ndo uwe sababu.

Wiki hii pamoja na Hesabu 11 msome Matendo 6:1-7 na 1 Petro 5:1-4. Tuwaombee askofu wetu na maaskofu wa Tabora, Lake Rukwa na Kibondo, tuwaombee ndugu walioko Nyarugusu. Na kwenye maombi ya Jumatano kila mtaa ulete majina ya wainjilisti wake, hata wale waliostaafu na wanaougua majumbani, tuwataje mmoja mmoja, na mwenye debe la mahindi au maharage aje nalo, tutapanga siku hiyohiyo nani anampelekea nani.