RX J1856: sekunde 7.055 zimeonekana

Hatimaye mpigo wa RX J1856.5-3754, nyota ya neutroni inayozunguka mara moja kila sekunde 7.055, umechomoza kwenye data za XMM-Newton, setilaiti ya eksirei, pale pale ulipotangazwa mwaka 2007.

Ugumu wote ni kwamba mpigo huu unapandisha na kushusha mwanga wa nyota kwa asilimia 1.2 tu. Hesabu ya Z², kipimo cha nguvu ya mpigo, ni idadi ya fotoni mara 0.012 mara 0.012, gawa kwa 2, ongeza 2. Fotoni 300,000 zinatoa kama 24. Ukilenga masafa yanayojulikana, 24 ni nzito: bahati tupu huifikia mara 7 hivi katika milioni. Ukipapasa kuanzia 0 hadi Hz 87 kwenye data za sekunde 70,000, umejaribu masafa huru milioni 6, na vilele vya 24 vya uongo vitakujia zaidi ya arobaini. Hivyo ndivyo mpigo wa kweli ulivyokuwa unazama.

MOS, mojawapo ya aina mbili za kamera za eksirei za setilaiti hiyo, imetupwa. Ikisomwa fremu nzima, kila fremu ni sekunde 2.6, na mpigo wa asilimia 1.2 unasawazishwa hadi 0.95. Imebaki kamera ya pn kwa dirisha dogo, fremu ya milisekunde 5.7, nishati kuanzia keV 0.15 hadi 1.2, PATTERN==0 (fotoni zilizogusa pikseli moja tu). Ukishuka chini ya keV 0.15 unavuna kelele za elektroniki.

Kilichokula muda zaidi ni barycen, programu inayohamishia muda wa kila fotoni kwenye kitovu cha mfumo wa jua. Inaandika juu ya safu ya TIME bila huruma, kwa hiyo nakili faili kwanza. Kisha mpangilio: GTI (orodha ya vipindi vya data safi) inayotengenezwa na programu ya tabgtigen imetokana na saa ya setilaiti. Ukiitumia baada ya barycen, inapishana na fotoni hadi karibu dakika 3. Milipuko ya protoni inabaki ndani, data safi zinakwenda jalalani. Chuja kwanza, barycen baadaye.

Na efsearch, programu inayokunja data kwa kipindi na kuzigawa vipande? Kwa wimbi laini kama hili ni kujinyima. Vipande 16 vinageuza ushahidi uleule kuwa khi-mraba 37 hivi kwa digrii 15, yaani bahati ya 1 kwa 800! Z² ya harmoniki moja inatosha.

Baada ya hapa ilikuwa zamu ya spektra, ile ya joto la eV 63. Imesogezwa. RX J0720.4-3125, nyota ya neutroni ya aina hiyohiyo, ilihesabiwa kipindi cha sekunde 8.39 kwa miaka mingi, halafu uchambuzi wa 2017 ukaonyesha 16.78. Basi na hapa kijaribiwe kipindi maradufu: sekunde 14.11, Hz 0.0709, fotoni zilezile. Kompyuta inakoroma sasa hivi.