Wakadhani Yumo Katika Msafara

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa wazazi na walezi, juma hili shule imetuletea matangazo mengi kwa mpigo: kikao cha wazazi Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi, ada ya muhula, sare, vyeti vya ubatizo kwa wanaojiandaa na Kipaimara, na daftari la mawasiliano ambalo lazima lirudi kila Jumatatu likiwa na sahihi ya mzazi. Naomba tuyasome tena, safari hii tukiwa na Injili ya Luka mkononi, sura ya 2, aya ya 41 hadi 52.

Maria na Yosefu walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Mwaka ule Mtoto alikuwa na miaka 12, umri wa watoto wetu wa darasa la sita na la saba. Wakati wa kurudi akabaki nyuma, nao wakadhani yumo katika msafara. Wakatembea kutwa nzima kwa dhana hiyo. Luka hawalaumu, nasi tusiwalaumu, maana msafara ule ulikuwa wa ndugu na majirani, watu wa kuaminika kabisa. Hata hivyo Mtoto hakuwemo.

Sisi wa Bagamoyo habari za misafara tunazijua. Njia ndefu kutoka Ujiji na Tabora iliishia hapa pwani, na pamoja na pembe za ndovu walifika watu katika minyororo, watoto wakiwemo, ambao mama zao wasingeweza kuwafuata. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni hapa mwaka 1868, watoto waliowafundisha walikuwa hao waliokombolewa utumwani. Sehemu kubwa ya fedha za kuwakomboa na kuwalea ilitoka Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson. Watoto wa huko walitoa sarafu ndogo kila mwezi na kusali Salamu Maria kila siku kwa ajili ya wenzao wasiowajua. Wanautoto wetu tunaowaona wakicheza mbele ya altare ni warithi wa shirika hilohilo.

Kwa hiyo nikiona neno ada kwenye tangazo la shule ya Kanisa, nakumbuka kwamba malezi ya watoto mjini hapa yalibebwa tangu mwanzo na watu waliojinyima. Lakini najua pia kwamba mvuvi hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Kusi ikivuma kwa nguvu, ngalawa zinalala. Mzazi aliyekwama asimfiche mtoto nyumbani. Aende mapema kwa mhasibu au kwa Sista mwalimu mkuu, aeleze hali yake, wapatane namna ya kulipa kidogo kidogo. Na jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zisisubiri kuombwa msaada.

Linalonigusa zaidi ni lile daftari. Mwalimu mwenye darasa lililojaa anatenga dakika zake kuandika: mtoto anasinzia, hajamaliza kazi, siku hizi hachezi na wenzake. Mstari kama huo ni sawa na mtu wa msafarani anayetugeukia na kutuambia, jamani, mtoto wenu simwoni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulisema wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule inatusaidia kazi yetu, haikutuondolea. Ukitia sahihi bila kusoma, umeongeza mwendo wa siku nyingine.

Tazameni walichofanya Maria na Yosefu. Walirudi wenyewe. Baada ya siku tatu wakamkuta hekaluni, ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Mama hakunyamaza, akamwuliza Mwanawe kwa nini amewatendea hivyo. Akapewa jibu ambalo hawakulielewa, akaliweka moyoni. Kuna majibu ya watoto wetu tutakayoyaelewa baada ya miaka. Tuwaulize tu, kisha tuwe na subira ya kusikiliza.

Na Maria alisema, “baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta.” Kina baba, ninyi ndio ninaowasihi. Kikao baada ya kikao viti vinajaa kina mama, wakati Yosefu naye alirudi Yerusalemu kwa miguu yake. Njooni. Na wazazi wenzetu Waislamu, ambao watoto wao wanaketi dawati moja na wetu, kikao ni chao vilevile. Tuwapitie njiani twende pamoja.

Katika Rozari, Jumamosi ni siku ya kutafakari Matendo ya Furaha, na tendo la tano ndilo hili la kumkuta Yesu hekaluni. Tutasali Rozari mara baada ya Misa, kisha kikao kianze. Daftari la mtoto tulibebe.