Simulesheni ilivyonisaidia kwenye visima vinavyopita chini ya Ziwa Albert

Visima vya mafuta vya Kingfisher, upande wa Uganda wa Ziwa Albert, havichimbwi kutoka majini. Rigi, yaani mtambo wa kuchimbia, inasimama nchi kavu, kwenye tambarare ya Buhuka chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, na kisima kinashuka, kinapinda, kisha kinaingia chini ya ziwa. Kwenye visima vya namna hii adui ni msuguano. Mabomba yanalalia ukuta wa shimo, na uzito unaodhani umefika kwenye biti, kichwa kinachokata mwamba, unaishia njiani.

Hesabu za msuguano zilikuwa zangu. Unaipa programu ya simulesheni njia ya kisima, mabomba na uzito wa matope ya kuchimbia (majimaji mazito yanayosukumwa kisimani kwa pampu), halafu unachagua kigezo cha msuguano. Kwa matope ya maji wengi huanza na 0.2 ndani ya kesingi (mabomba ya chuma yanayokinga kuta za kisima) na 0.3 kwenye shimo tupu. Kwa kila kigezo inakuchorea mstari wa uzito utakaosomeka juu ukivuta, ukishusha na ukizungusha tu. Wengi huishia hapo: mchoro unaingia kwenye ripoti ya mpango na haufunguliwi tena. Kwangu huo ni upotevu.

Mimi niliupeleka kwa drila, mwendesha rigi. Kila tulipounga bomba nilitaka namba hizo tatu, nikaziweka kama nukta juu ya mistari. Drila wetu, mtu mzima aliyeshika breki miaka mingi, hakupinga, ila alinirekebisha: "Injinia, mwenzangu wa usiku anavuta haraka kuliko mimi. Namba zetu hazilingani." Kweli. Tukakubaliana mwendo mmoja wa kuvuta na pampu ziwe vilevile kila mara. Programu isingeniambia hilo.

Baada ya hapo nukta zikaanza kusema. Kisima kilipolala nyuzi 50 hivi kutoka wima, za kuvuta zilipanda kuelekea mstari wa 0.4, za kushusha zikashuka, za kuzungusha zikabaki palepale. Maana yake katingi, vipande vya mwamba uliokatwa, zinalundikana. Katikati ya nyuzi 45 na 60 ndipo pabaya zaidi, kwa sababu lundo halitulii. Pampu zikizimwa linaporomoka na kubana mabomba.

Rai ya kwanza ya kila mtu ni kuongeza pampu. Nikairudia simulesheni, safari hii ya shinikizo. Matope yenye uzito wa mara 1.20 ya maji, kwenye kina cha wima cha mita 2,000 yanakandamiza mwamba kwa takriban bar 235. Mzunguko wa matope ukiongeza mithili ya 0.05 juu ya uzito huo, ni bar 10 nyingine hivi, na mwamba dhaifu utapasuka na kuyanywa matope yako. Nafasi hatukuwa nayo. Tukaacha pampu zilipo, tukapandisha mzunguko wa mabomba hadi 120 kwa dakika na kuzungusha kabla ya kila kuunga. Mzunguko huo wa mabomba ndio unaozinyanyua katingi kutoka upande wa chini wa shimo hadi kwenye mkondo wa matope. Nukta zikarudi kwenye 0.3.

Faida niliyoithamini zaidi ilikuja wakati wa kesingi. Vigezo tulivyovipata kisimani, si vile vya kubahatisha, ndivyo nilivyotumia kupima kama itashuka kwa uzito wake yenyewe au itahitaji kuzungushwa. Jibu tulikuwa nalo kabla bomba la kwanza halijanyanyuliwa, na viungio vinavyostahimili torki, nguvu ya kuzungusha, vikaagizwa mapema.